Giza la Usalama

Upepo ukivuma kwa kiburi na nyasi zikikauka, kampuni ya PG&E ya California huwazimia wateja wake umeme, nyaya zisije zikawasha moto. Oktoba 2019 giza hilo liliwakuta watu zaidi ya milioni mbili. Ndiko kwenye Silicon Valley huko! Gari la umeme limelala bila chaji, friji inatiririsha maji jikoni, na mwenye nyumba amesimama gizani akipapasa kamba nyekundu ya kufungulia geti la gereji.

Jamani, kampuni isilaumiwe, inajijua. Novemba 2018 ndoano ya chuma yenye umri wa karibu miaka 100 ilikatika kwenye mnara wake, waya ukaachia, cheche zikadondokea majani makavu. Mji wa Paradise ukateketea, watu 85 wakafa. Mwaka 2020 kampuni ikakiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia, ikatozwa faini ya takriban dola milioni 3.5. Jela hakwenda mtu. Na kweli, wakubwa wake wangefungwa, nani angebaki kutuma bili? Maana bili, tofauti na umeme, haikatiki. Na bei yake kwa uniti ni miongoni mwa bei za juu kabisa Marekani.

Basi ndugu yangu unayehangaikia viza kwa kuchoshwa na mgao wa umeme wa kwetu, safari njema. Ila tochi usiiache.