Jinsi ya Kumnyang'anya Shangazi Hotipoti Wodini

Kazi ya kwanza katika kupanga chakula cha mgonjwa ni kumdhibiti shangazi. Ameingia saa sita mchana, khanga kiunoni, hotipoti tatu mikononi, na ameapa kwamba pilau ya mbuzi itamwinua mwanawe leo leo. Mwamkie kwa heshima zote, mpokee mzigo, kisha shikilia vifuniko mpaka muuguzi au afisa lishe awaambie mgonjwa anaumwa nini na anaweza kumeza nini. Menyu huanzia kwenye faili. Mapenzi ya ndugu tutayapangia zamu baadaye.

Mgonjwa wa figo ndiye anayenitia hofu kuliko wote, kwa sababu vinavyomdhuru ndivyo tunavyopenda kuwapelekea wagonjwa: ndizi, machungwa, mchicha, dafu. Vyote vina potasiamu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo mjomba aliyevuka na madafu kutoka Kigamboni, mwambieni ayanywe mwenyewe, kama figo zake ni nzima. Jua lilikuwa kali na safari ndefu. Viazi au ndizi za kupika zikiruhusiwa, zimenye, zikate vipande vidogo, zichemshe kwa maji mengi, maji yale yamwage, ndipo uziunge. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka na maji. Tena usiige sahani ya kitanda cha pili: anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi, na ambaye hajafika huko huenda akaambiwa aipunguze. Ugonjwa mmoja, vitanda jirani, menyu mbili.

Chumvi ni vita ya wote. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo vimehesabiwa pia vile vidonge vya mchuzi ambavyo wifi anavibomolea sufuriani kwa siri. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na giligilani, chakula kitanukia hadi mlangoni. Mwenye kisukari mletee maharage, samaki, mboga na ugali wa kiasi. Juisi ya boksi irudi ilikotoka.

Aliyepigwa na kiharusi asipewe hata maji kabla hajapimwa kama anameza salama. Maji mepesi yanaweza kuteleza hadi mapafuni, na uji mzito ukawa salama zaidi kwake. Akiruhusiwa kula, mketishe wima, mpe kidogo kidogo, na asilale mpaka nusu saa ipite. Anayemlisha asiwe na haraka ya kuwahi daladala.

Sasa supu, ambayo ukoo mzima unaiamini. Florence Nightingale, katika kitabu chake Notes on Nursing cha mwaka 1859, aliwalaumu wanawake wanaouguza wagonjwa kwa kudhani mchuzi wa nyama ya ng'ombe ndio lishe kuu ya mgonjwa. Tungali nao ugonjwa huo. Mchuzi ni mtamu na hufungua hamu, lakini protini nyingi imebaki kwenye ile nyama ambayo mleta supu ameitafuna njiani. Nyama irudi, isagwe, iingie kwenye bakuli. Mtori nao upikwe hivyo hivyo, nyama ikiwa ndani, kwa yule ambaye ndizi hazimdhuru. Asiye na hamu apewe bakuli dogo mara 5 au 6 kwa siku, kwani sahani iliyofurika humshibisha kwa macho.

Kisha gawa zamu: mmoja uji wa asubuhi, mwingine chakula cha mchana, na mmoja mwenye macho makali akae na daftari. Huyo aandike kilichoingia kinywani, si kilichobebwa kutoka nyumbani. Daftari likionyesha kwamba mgonjwa ameacha zaidi ya nusu ya chakula kwa siku mbili mfululizo, mpelekee daktari anapopita asubuhi, naye asiondoke kabla hajalisoma.