Sifa za Bwana Afya Mwenye Mabawa

Nani amsifu kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, ikiwa si sisi watu wa kisiwa cha Wasini tunaoamka kwa kelele zake? Hodari ni hodari. Hachagui chakula, hana maringo ya tausi. Sauti yake tuiache.

Utukufu wake ni kazi. Wakuu wa Zanzibar wa miaka ya 1890 walipolemewa na uchafu wa mji, walimtoa yeye India aje ale taka. Akawa Bwana Afya bila barua wala mshahara. Karne na zaidi imepita: hajagoma, hajaomba likizo, hajadai pensheni. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, akaendelea kufungua matawi pwani nzima, na akisafiri melini hakati tiketi. Hapa kwetu ukaguzi ni kila asubuhi. Akikuta ganda la kaa nyuma ya mkahawa, hulipekua pande zote kama faili. Akikuta mfupa, huuchukua uwe ushahidi, kisha huuhifadhi pahali salama, yaani jabiani.

Jabiani! Kisiwa hakina mto, twanywa tulichokinga mvua ikinyesha, naye analifanya jabia kabati la mifupa! Sabuni kaiba. Mayai ya chozi kayamaliza. Vifaranga kavibeba mama yao akitazama, mwizi asiye haya huyu!

Tuendelee na sifa. Ana kumbukumbu. Huko Seattle, Marekani, watafiti walivaa barakoa wakawakamata kunguru wa kwao. Miaka ikapita, na kila barakoa ile ilipotokea, ndege waliizomea. Wetu naye, mrushie jiwe leo uone kesho. Sura zetu anazijua kuliko waheshimiwa wanaovuka kutoka Shimoni, bara, msimu wa kura, wakala wali wa nazi na kaa, wakaahidi mpango wa taka, wakaaga.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza kuwa kunguru milioni moja wataondolewa kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu iuayo polepole ili wenzao wasishtuke. Mimi sitawalilia. Lakini waliomwajiri walikwisha kwenda zao, na kazi waliyomwajiria bado imerundikana pale pale. Boti zinazoleta wageni wa pomboo hurudi jioni zina nafasi tele, wala sijaona nahodha akiagizwa kupakia hata gunia moja.