Kusita Kumesingiziwa

Lucian alimsifu inzi, Synesius akausifu upara, na Erasmus wa Rotterdam akauandikia Upumbavu kitabu kizima kilichopigwa chapa mwaka 1511, akaupa na ulimi ujisifu wenyewe. Lakini katika umri wangu wote wa kusoma, na macho yangu sasa yamechoka, sijapata kuona mtu aliyeshika kalamu kumsifu kiongozi asiyeweza kukata shauri. Badala yake, kila anapoteuliwa mtu kuwa mkuu wa idara, mwenyekiti wa chama cha ushirika au mwalimu mkuu wa shule, kabla kiti hakijapata joto lake, huzungukwa na wenye nasaha wanaomhimiza aamue hima, aamue wazi, asimame na neno lake, kana kwamba shauri ni muwa, ukatwe kwa panga moja na kila mtoto apewe pingili yake. Nimeitazama dhuluma hii kwa miaka mingi bila kusema neno, kwa sababu nilikuwa sijaamua kama niseme au ninyamaze. Na leo kama nimethubutu, ni kwa kuwa nimestaafu, na mstaafu hana la kuamua ila chai iwe na maziwa au iwe ya rangi, jambo ambalo kwa rehema za Mungu huamuliwa na mke wangu.

Mahasimu wa Kusita hukimbilia kwanza kwa wahenga. Husema ngoja ngoja huumiza matumbo, husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ni kweli wahenga walinena hayo, lakini ni wahenga hao hao, na pengine katika baraza ile ile, walionena kwamba haraka haraka haina baraka, kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba wasiwasi ndiyo akili. Mtu mwenye insafu akizipanga methali hizi safu mbili atagundua siri ambayo walimu wetu walituficha: wahenga nao hawakuwa wameamua. Walituachia pande zote mbili za shauri, wakafa kwa heshima, na hapana aliyewahi kuwaita wazembe.

Wakishindwa hapo humleta fisi, yule aliyefika njia panda, akanusa nyama mkono wa kulia na nyama mkono wa kushoto, akapeleka miguu ya upande huu huku na ya upande ule kule hata akapasuka msamba. Watoto hucheka. Mimi sicheki, maana katika hayawani wote wa hadithi zetu, sungura na werevu wake na simba na nguvu zake, huyu peke yake ndiye ambaye hapana awezaye kumwambia kwamba alichagua njia isiyokuwa.

Mwambao wetu wenyewe umeumbwa kwa mfano wa kiongozi msitaji. Zama za matanga kaskazi lilivuma likaleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi, kisha kusi likavuma likayarudisha; na kati ya pepo hizi mbili kipo kipindi cha tangambili, ambapo upepo leo huja huku na kesho huja kule, na tanga hujaa na kulegea katika saa moja. Nahodha mjuzi alikitumia kipindi hicho kumaliza biashara yake, akapakia boriti za mikoko, akawalipa wadai wake, ili kusi la kwanza likiamka limkute ameng'oa nanga. Nahodha msitaji alikitumia kukadiria. Boriti zitauzwa kwa faida zaidi ziwapo nene au ziwapo nyingi? Aongeze siku tatu, au aongeze saba? Akiwa katika kukadiria, kusi likachacha, ikafika Juni na Julai bahari ikawa haiendeki, naye akabaki bandarini hata mawimbi yatulie, mabaharia wakila akiba ya chombo na kukopa dukani. Waovu husema amepata hasara. Mimi nasema amepata makazi, na pengine mke wa pili.

Lakini watu wa siku hizi hawaridhiki na majahazi, hutaka tarikhi; nami ninayo. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, na siku hiyo hiyo Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza mrithi, bila ya kungoja ridhaa ya Waingereza, ambao manowari zao zilikuwa zikielea mbele ya madirisha yake. Akapewa muda wa kutoka hata saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27, hakutoka, mizinga ikalia dakika chache baadaye, na kabla ya kutimia saa nzima jumba lilikuwa kifusi, watu wapatao 500 wa upande wake wameuawa au kujeruhiwa, na yeye mwenyewe yumo katika ubalozi mdogo wa Wajerumani akiomba hifadhi. Wako watakaosema kwamba taksiri haikuwa ya haraka bali ya wenye mizinga, na katika hilo siwapingi hata kidogo. Nataka tu ikumbukwe kwamba Sayyid huyo huyo alijaribu jambo lile lile mwaka 1893, akaonywa, akaghairi, na kwa kughairi kule akaishi miaka mitatu mingine kwa amani, akila na kulala kama watu wengine.

Ng'ambo nako wako mashahidi. Warumi walipovunjwa na Hannibal mwaka 217 kabla ya Isa, walimpa amri Fabius, naye akamfuata adui vilimani bila ya kumpiga, hata watu wa mji wakamwita Mchelewaji kwa dharau. Mwaka uliofuata wakachoka naye, wakateremka uwandani Cannae kupigana kiume, na maelfu kwa maelfu yao hawakurudi. Nilikuwa nikimtaja Fabius kwa fahari katika kila kikao, mpaka kijana mmoja mwenye miwani aliponiambia mbele ya watu kwamba Fabius hakusita hata siku moja: aliamua kungoja, akajua anangoja nini, akavumilia matusi kwa ajili ya uamuzi wake. Maneno haya yalinikera sana, kwa sababu ni ya kweli, na tangu siku hiyo nimemwacha Fabius kwa wenyewe.

Nikamshika Jenerali McClellan wa Marekani, ambaye hapana wa kuninyang'anya. Tarehe 13 Septemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wake waliokota majanini karatasi iliyokuwa imeviringwa juu ya sigara tatu nene, na karatasi hiyo ilikuwa mpango mzima wa adui, Jenerali Lee, ukionyesha jinsi alivyoligawa jeshi lake vipande vipande. Mtu mwingine angepanda farasi. McClellan alifurahi, akatafakari, akahesabu maadui ambao hawakuwapo (tabia yake ilikuwa kuwaona wengi kuliko walivyoumbwa), na usiku ukapita. Lee akapata nafasi ya kukusanya vipande vyake. Wakakutana Antietam tarehe 17, siku ambayo hata kufika jioni waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea wa pande zote mbili walizidi 22,000, na hata hapo jenerali wetu alikuwa bado amekiweka kando kikosi kikubwa ambacho hakukipa kazi, kwa tahadhari. Lee akavuka mto akaenda zake. Rais Lincoln alimwuzulu jenerali mwezi wa Novemba. Sigara zile tatu sijui zilivutwa na nani, lakini yakini yangu ni kwamba ndizo pekee katika kisa hiki zilizoamuliwa upesi.

Sasa niseme na wewe, kiongozi mpya, kuhusu utaratibu wa kazi. Jalada likiletwa mezani pako usilikatae wala usilikubali: liandikie neno moja, "Tuzungumze," utie tarehe, ulirudishe masjala. Likirudi, unda kamati. Kamati ikileta taarifa, unda kamati ndogo ya kuipitia taarifa. Na kamati ndogo ikikuelekea kwa macho ya kukuuliza, ondoka kwa safari. Yule mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, ambaye tangu Ramadhani iliyopita huketi kwenye benchi la ukumbini na bahasha yake mapajani, usimpe jibu, kwani jibu ni kitu kikatili. Ukimwambia hapana, siku ile ile atakwenda kutafuta njia nyingine, atauza cherehani au atamwendea kaka yake. Lakini ukimwambia njoo kesho umempa matumaini, na matumaini, tofauti na mafao, hayapungui katika hazina ya serikali. Nauli ni yake.

Wala usikate tamaa uamuzi ukikuponyoka kinywani kwa bahati mbaya, maana kati ya kuamua na kutenda upo uwanja mpana wa kupumzikia. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na muda uliotajwa ulikuwa miaka kumi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali sasa inahama kweli. Miaka 43! Kizazi kizima cha makarani kiliajiriwa na kustaafu Dar es Salaam, kikiwa njiani kwenda Dodoma.

Jihadhari lakini na makundi ya watu wenye hila, ambao huingia ofisini kwa upole na kutoka na sahihi yako. Yuko atakayekuuliza swali hili la kutisha: "Tusipoamua leo, itakuwaje?" Swali hilo halina adabu, kwa sababu hudai kwamba kutoamua nako ni kuamua, na kuna mtu atakayelipa gharama yake. Yuko mwingine atakayekutenganishia mambo, aseme hili ni kama mlango, ukiufungua ukaona joto utaufunga tena, basi fungua upesi. Na lile ni kama kuukata mwembe, hauungiki tena, basi lifikirie kwa siku saba. Ukimsikiliza utajikuta mambo tisa katika kumi yaliyokukosesha usingizi yalikuwa milango tu, na ukiwa huna cha kukukosesha usingizi cheo chako kina ladha gani? Na mbaya kuliko wote ni yule anayetaka uamuzi uandikwe kwa sentensi moja, utajwe nani atafanya, atafanya nini na mwisho wake siku gani. Sentensi ya namna hiyo haina pa kujificha. Mimi katika utumishi wangu sikuandika hata moja.

Dini yetu imetuamrisha tushauriane, na tukishaazimia tumtegemee Mungu. La kwanza nililishika kwa nguvu zangu zote. La pili niliwaachia wepesi wa moyo.

Mfano ni huu: nilikuwa mwalimu mkuu mpya katika shule moja ya mwambao, na nyumba ninayokaa hata leo iko hatua mia kutoka uwanja wake. Madarasa mawili yalikuwa yameezekwa makuti ambayo yamechakaa, na wazazi walikuwa wamechanga fedha za kuezeka upya. Wazee wa kamati wakataka makuti tena, kwa kuwa ni baridi na minazi ni yetu. Vijana wakataka mabati, kwa kuwa hayavuji na hayashiki moto. Nikaona wote wana haki. Makuti hudumu miaka michache tu, na yana nge. Mabati mvua ikinyesha mwalimu hasikiki, na chumvi ya bahari huyala. Nikamwita fundi wa makuti, akayasifu makuti. Nikamwita wa mabati, akayasifu mabati. Jambo hili likanithibitishia ugumu wa shauri. Nikaunda kamati ndogo ya bei. Ilipomaliza kazi bei za mabati zilikuwa zimepanda, fedha zetu hazitoshi tena, ikabidi iundwe kamati ndogo ya pili, ya boriti, kuchunguza kama zilizopo zitabeba makuti mapya zikipunguzwa. Wakati huo ukaingia mwezi wa Aprili, na masika, ambayo hayakualikwa katika kikao chochote, yakaamua. Paa lilishuka usiku, alhamdulillahi, bila mtoto ndani. Asubuhi nilisimama juu ya kifusi, na sitaificha furaha niliyoihisi moyoni: hapana tena aliyekuwa akibishana juu ya makuti.

Watoto wakahamia chini ya mwembe. Walisoma hapo siku za jua, na siku za mvua walirudi kwao, na masika ya mwambao, msomaji anajua, si mafupi. Mmoja wa watoto wale leo ni fundi wa baiskeli sokoni, huniamkia kwa taadhima; akinirudishia chenji, huihesabu kwa vidole. Kuta za madarasa yale mawili zilibaki wazi, zikaota magugu, na walionirithi walifuata sunna yangu.

Juma lililopita alinijia mwalimu mkuu mpya, binti wa umri wa mjukuu wangu, amebeba jalada la paa, ambalo sasa lina unene wa vidole vinne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Hakukaa. Alisema amelisoma jalada lote, na ana swali moja tu: je, kuna jambo lolote humo ambalo yeye akilikosea leo, haliwezi kurekebishwa kesho? Nikamwambia hilo ni swali zito, linataka tafakuri, anipe miwani na nafasi. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Alingoja kwa adabu, akitazama mara uso wangu mara saa ya ukutani, kisha akasema, "Basi, mwalimu, wewe soma tu kwa raha yako. Fundi nilimwambia saa nne." Akaniachia jalada mapajani, akaenda.

Nilikuwa nimefika kwenye taarifa ya kamati ndogo ya pili, ile ya boriti, niliposikia nyundo.