Mwindaji wa Kinyala na Bibi Mwenye Upinde

 

Baba mdogo huko Kinyala, niliposema kwenye simu kwamba najifunza kuwinda kwa upinde huku Minnesota, ulinyamaza, kisha ukauliza kama mshahara umesimama. Haujasimama. Wenzangu kazini waliposikia natoka Tanzania waliamua kwamba nimezaliwa na podo mgongoni. Nikawaeleza: Wahadzabe wako Ziwa Eyasi, mbali kabisa na kwetu, sisi ni watu wa ndizi, chai na viazi, na ukiingia na mshale msitu wa Mlima Rungwe, kwenye wale kima kipunji, utatokea mahakamani. Wakaitikia kwa heshima. Wakaona ni unyenyekevu wa bingwa.



Mwalimu wangu ni bibi mstaafu. Upinde wake una roda kila ncha, ubunifu wa Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepewa hataza 1969. Mwanzo ni mzito, lakini ukishauvuta mpaka mwisho uzito unashuka zaidi ya nusu, ukabaki umeushikilia unalenga taratibu. Sheria haitaki upinde wa chini ya ratili 30, kama kilo 13 na nusu. Bibi anavuta huku anapiga soga. Mimi, niliyebeba mikungu ya ndizi mpaka Tukuyu, navuta meno yote yakiwa nje.

Kulenga kunafundishika. Kasheshe ni harufu. Mnyama wenyewe ni ayala, jamii ya yule wa Zaburi, ila huyu ana mkia mweupe, na ananusa kuliko mama mkwe anayetafuta dalili za pombe. Unaoga sabuni isiyonukia, nguo unazianika nje, unapanda mti upepo ukikujia usoni, unajifunga mkanda usianguke. Halafu unakaa. Hukohoi, hunywi chai. Baridi ya Oktoba haikunibabaisha. Ndicho kipaji pekee nilichotoka nacho nyumbani.

Jike mmoja akaja, akasimama kunitazama uso kwa uso. Bibi alishaniambia: usiachie mshale mpaka akupe ubavu, yadi 20 hivi, ulenge nyuma ya bega upate mapafu yote mawili. Hakunipa ubavu. Alikula matunda ya mwaloni, akashiba, akaondoka. Bibi akanipongeza sana! Jamani, huko kwetu nani alishapongezwa kwa kurudi bila nyama?

Nafika nyumbani, ayala wako bustanini kwa mwenye nyumba wanatafuna maua. Hapo mjini hawaguswi, na nadhani wanajua.

Msimu unakwisha 31 Desemba, bado nina matumaini. Nikimpata, nina saa 48 za kumwandikisha serikalini, na nyama yake ni marufuku kuuzwa. Kwa hiyo lile jina la bucha ulilokwisha kulichagua, baba mdogo, mpe mwenye ng'ombe.