Sabufa na Friji

Baba Salma aliiteremsha sabufa kwenye bodaboda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba ikiwa bado haijatimia. Wala si zile zinazokuja na vispika viwili na rimoti. Hili ni boksi jeusi la mtumba, zito, lenye amplifaya yake tumboni na waya wake wa umeme. Linachoomba kwa redio ni sauti tu, nguvu linazo lenyewe.

Kuliunganisha ni waya mmoja: kutoka tundu la sabufa nyuma ya redio hadi tundu la kuingizia sauti nyuma ya boksi. Akawasha. Likaguna mmmmm mfululizo, na redio haijafunguliwa sauti hata kidogo.

“Mwanangu, umetuletea mashine ya kusaga?” mama mkwe akauliza kutoka chumbani.

Fundi wa mtaani akaitwa, akashauri waya wa ethi ukatwe kwenye plagi. Nikamwambia kwangu hakikatwi kitu. Waya huo ndio unaomwokoa mtu umeme ukivuja. Tukabishana pale hadi mama mkwe, aliyekuwa anasubiri tamthilia yake, akatoka na kanga begani. “Chomoeni hilo dishi mwone. Humu ndani likitokea balaa, dishi halikosi.”

Wakafungua waya wa dishi nyuma ya king’amuzi kilichounganishwa na redio. Kimya. Kumbe dishi lina ethi yake huko nje na sabufa ina yake ya ukutani, na umeme mdogo ulikuwa ukizunguka baina yao kwa kupitia waya wa sauti. Fundi akapachika kisanduku chenye transfoma ndogo kwenye waya huo, dishi likarudishwa, tamthilia ikawahiwa.

Baba Salma akakaa kwenye kiti chake, akaweka rumba. Besi hakuna. Akaongeza. Vikombe vikaanza kugongana kabatini, na mama mkwe akalalamika kwamba kitanda kinatembea; kitini pale, pakavu. Akaongeza tena, wanaume hawa!

Ukweli ni kwamba wimbi la besi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na zaidi, na sebule yetu haifiki hapo. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine. Mahali pengine yanasaidiana, pengine yanauana. Kiti cha Baba Salma kilikuwa kwenye makaburi.

Dawa yake inachekesha lakini inafanya kazi. Sabufa inawekwa kitini, muziki unapigwa, na mwenyewe anatambaa kandokando ya kuta akisikiliza ni wapi besi inatulia vizuri, kisha boksi linahamishiwa hapo. Mjumbe alipopiga hodi kuhusu mchango wa taka, alimkuta mtu mzima na kikoi chake, magoti chini, sikio karibu na sakafu.

“Baba Salma, umeangusha pete?”

“Natafuta besi, mjumbe. Karibu.”

Aliipata. Ilikuwa pale pale lilipo friji.

“Mama Salma, hivi friji haliwezi kukaa jikoni?” Jikoni soketi ni moja, na ina jiko la umeme. Koridoni watu wangepita ubavuubavu. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri: liingie chumbani kwake, maadamu kitanda chake kimeacha kutembea. Sasa anayetaka soda baridi humu ndani anabisha hodi kwa bibi, na bibi anauliza kwanza kama umeosha vyombo.