Friji ya Nyota Moja

Mimi na serikali hatujawahi kugombana. Shida ni kwamba yenyewe inatunga sheria za kuniokoa, na mimi huzisikia nusu.

Chukua hii friji. Mama Shiru ameililia miaka. Kapesa kakaingia, tukaenda dukani. Kila friji ina kibandiko cha nyota. Hii nne, ile tatu, na moja imesukumwa pembeni na nyota moja tu. Bei? Ya chini kuliko zote! Nikajiambia, huyu muuzaji amelala. Nyota moja si ndiyo namba wani? Nikalipa mbio kabla hajashtuka. Kijana wa duka akatabasamu. "Mzee, umechagua." Kichwa kikavimba.

Jumapili nikaweka tokeni ya mia tano. Jumatano usiku mita ikaanza kulia, pii, pii, kama kifaranga kilichoachwa na mamake. Nikajua tu kuna jirani ameniungia waya. Nikatoka na tochi kumsaka. Baba Otis akafungua mlango, akanikuta nimepiga magoti kizingitini pake na boksa.

Ni Shiru aliyeniambia, na yuko gredi ya sita tu. "Baba, kanuni za 2016 zinasema friji ipewe nyota moja mpaka tano. Zikiwa nyingi, inakula stima kidogo. Hii yetu ndiyo ya mwisho." Hilo la mwisho alilisema kwa sauti. Mamake alikuwa jikoni. Sufuria zikaanza kuwekwa kwa nguvu.

Nikaona nijikomboe kwa sheria nyingine. Kwa kinyozi nilisikia Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mwenye sola kuingiza stima inayobaki kwa gridi, apunguziwe bili. Aa! Sola si ninayo? Ile taa ya shangazi, paneli yake saizi ya daftari. Nikaifunga kwa gazeti, huyoo mpaka ofisi za stima. Nikapiga foleni masaa mawili nikipiga hesabu za utajiri.

Dada wa kaunta akaitazama. Akanitazama. Akasema kwa upole kwamba mtambo haufai kuzidi megawati 1. Nikamtoa wasiwasi: wangu hauzidi. Foleni yote ikaangua kicheko. Nami nikacheka, sijui tunamcheka nani.

Getini askari akaniita. Nikadhani nimepata mteja. "Mzee, hiyo kitu inaweza kuchaji simu?" Nikasimama juani nusu saa, nimemshikia paneli kama trei ya chai. Simu ikafika asilimia nne. Hata soda hakuninunulia.

Siku hizi friji tumeichomoa. Mama Shiru anaweka unga ndani, na viatu vyangu vya kanisa. Shiru amechukua biro, akachora nyota nne zilizobaki. Na mwambieni huyo kijana wa duka: tangu ifike nyota tano, haijala hata uniti moja.