Sifa za Mzee 2.7, Aliyekataa Kustaafu

Mrithi wake alimtangulia kuzaliwa. Python 3.0, toleo la lugha ya kuandikia programu, ilitoka Desemba 2008, na Python 2.7, ambaye ndiye wa kurithiwa, akaja Julai 2010, mwaka mmoja na miezi saba baadaye. Mtoto wa namna hiyo kwa kawaida huitwa kitinda mimba, akapewa kipande cha muwa na kuambiwa akacheze uani. Huyu akaishika nyumba. Kwa kuwa waliomsema vibaya ni wengi, naomba leo nimsifu Mzee 2.7, pamoja na kila toleo kuukuu ambalo watunzaji wa programu huria hulibeba mwaka hadi mwaka, wakisema wataliacha mwakani.

Sifa yake ya kwanza ni kutotishwa na tarehe. Mwanzoni alipangiwa kuishi hadi 2015. Mwaka 2014 wakuu wa Python wakatazama, wakaona watu bado wanakula kwake, wakamwongezea miaka mitano. Januari 1, 2020 ikatangazwa kwamba sasa basi. Aprili mwaka huohuo likatoka 2.7.18, toleo la mwisho kabisa. Ni marehemu yupi mwingine aliyetia saini wosia miezi mitatu baada ya mazishi? Na hapo pia hakuondoka. Red Hat waliendelea kumhudumia ndani ya Linux yao ya toleo la 8 hadi Juni 2024. Apple walimtoa kwenye kompyuta zao Machi 2022 tu. PyPy, ambayo ni njia nyingine ya kuendesha Python, inamhifadhi bado, maana zana zilizoijenga PyPy zimeandikwa kwa lugha yake yeye. Na Guido van Rossum, aliyeibuni Python yenyewe, aliajiriwa kwa miaka kadhaa na Dropbox, kampuni ambayo programu yake ya kompyuta ilimaliza kuhamia Python 3 mwaka 2018, miaka kumi tangu 3.0 itoke. Baba anatangaza mirathi, huku ofisini kwake mzee anachapa kazi chumba cha pili.

Katika hesabu ni mtu wa amani. Mpe 5 agawanye kwa 2, atakujibu 2. Mandazi matano, watoto wawili, kila mmoja mawili, na lile la tano halitajwi. Waliokuja na Python 3 waliliona hili ni kasoro, wakataka jibu liwe 2.5. Mimi naona ulikuwa ustaarabu wa hali ya juu. Zipo hazina ngapi za vyama na vikundi zinazoendeshwa kwa kanuni hiyohiyo, bila mzee wa kulaumiwa?

Katika maandishi alikuwa na imani moja: kwamba dunia nzima huandika kama Wamarekani, bila nukta juu ya herufi wala mkia chini yake. Wafaransa, Wajerumani na Wachina waliteseka. Sisi tulipita mbele yake bila kukaguliwa, kwa kuwa Kiswahili cha herufi za Kilatini hakivai kofia. Hadi mtu aliponakili neno ng’ombe kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, mojawapo ya zile ambazo huigeuza ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda. Hapo mzee alisimamisha kazi yote na kutangaza kwamba hawezi kuisoma baiti 0xe2 iliyo nafasi ya 2. (Huanza kuhesabu na sifuri: n, g, kisha balaa.) Ng’ombe mmoja aliweza kuilaza chini ripoti nzima ya mifugo. Mnyama huyo hajawahi kupewa heshima kama hiyo na mfumo mwingine wowote.

Wanaosema kwamba alikuwa mtu wa kale hawakumfahamu. Ulipomwandikia mwanzoni mwa faili maneno «from __future__ import division», alikubali kugawanya kama kijana, na desimali akatoa. Kesho yote ilikuwa mfukoni mwake. Ilihitaji kuombwa tu, faili moja baada ya jingine. Na waliotaka programu moja iendeshwe na baba na pia na mwana, walipewa maktaba iitwayo six, yaani mbili mara tatu. Aliyeiandika ni Benjamin Peterson, na ndiye huyohuyo aliyekabidhiwa kusimamia matoleo ya 2.7. Mtu mmoja alikuwa muuguzi wa mzee na wakati huohuo mjenzi wa daraja la kumkimbia. Sijui kama kuna kazi ya kujitolea yenye upendo na uchungu kwa kipimo sawa kama hiyo.

Lakini kipaji chake kikubwa, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu, ni kwamba alimwondolea kila mtu adha ya kuamua.

Chukua maktaba ndogo ya programu huria, inayotunzwa na watu wawili watatu wakishatoka kazini. Mmoja anauliza: tumwache 2.7? Mwenzake, kwa busara, anajibu kwamba tutazame kwanza takwimu. Wanafungua hesabu za upakuaji kutoka PyPI, ghala kuu la Python, na mzee yumo, anapakua kwa bidii. Anayepakua kwa jina lake ni nani? Sehemu kubwa si watu. Ni seva za majaribio, ambazo kila msimbo ukiguswa hujifuta na kupakua upya kila kitu, mchana na usiku. Seva hizo ni za miradi jirani, ambayo nayo inampima mzee kwa sababu imeona maktaba hii bado inamkubali. Mradi huu unambakiza kwa sababu ule unapakua. Ule unapakua kwa sababu unasubiri huu utangulie kumwacha. Kila mmoja ana takwimu, na takwimu zote ni za kweli. Mjadala unafungwa kwa makubaliano kwamba suala litaangaliwa tena.

Wakati huo kazi inaendelea. Mwaka 2018 mradi wa kawaida ungeweza kubeba 2.7, 3.4, 3.5, 3.6 na 3.7, kila moja ikijaribiwa kwenye Linux, Windows na macOS: majaribio kumi na tano kwa kila koma iliyosahihishwa. Yakifeli, hufeli kwa mzee. Na kwa kuwa ni mzee wa heshima, hafeli kwa kosa lako. Hufeli kwa sababu kifaa fulani kingine, ambacho nacho kilichoka, kimeacha kumhudumia. Kijana aliyeleta mchango wake wa kwanza, mistari minne ya kurekebisha tarehe, anaambiwa aiandike upya ili imfae mtu aliyezaliwa yeye akiwa darasa la tatu. Wengine hurudi. Wengine tunawapungia mkono.

Na ni nani anayeomba abakizwe? Hapa ukarimu wa mzee unaonekana wazi kabisa. Wanaoandika ni watu wa taasisi kubwa zenye majengo ya vioo, ambazo mifumo yake haiwezi kuguswa kabla ya kikao, na kikao hakiwezi kukaa kabla ya bajeti. Wanaotekeleza ni watu wanaofanya kazi hii bure, baada ya watoto kulala. Mzee huchukua usiku wa asiyelipwa na kuukabidhi kwa mwenye fedha, na hutenda hivyo kimya, bila risiti.

Niseme jambo moja bila mzaha. Wapo ambao toleo kuukuu kwao si uvivu. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, 3.9 ilikataa. Shule yenye maabara ya kompyuta za msaada zilizokuja na Windows 7 imekwama hapohapo, na mwalimu wake hana pa kwenda. Huyo ningemwongezea miaka bila kuuliza takwimu. Ila huyo haandiki ombi. Hajui kwamba kuna mahali pa kuombea, wala kwamba kuna watu wanaojadili hatima ya mashine zake. Kwenye meza ya uamuzi hufika sauti za waliojaliwa muda wa kulalamika, na takwimu za roboti.

Maadui wa mzee hatimaye walimpata kwa njia ya aibu: kalenda. NumPy, maktaba ya hesabu ambayo nusu ya sayansi imeiegemea, walitangaza mapema kwamba mwisho wa 2018 ndio mwisho wa matoleo mapya yanayomfaa. Toleo la 1.16, la Januari 2019, likawa la kumuaga, nalo likatunzwa hadi mwisho wa mwaka huo. Kisha wakaweka kanuni kwa wote watakaofuata: Python iliyotoka zaidi ya miezi 42 iliyopita mradi una ruhusa ya kuiacha. Baadaye miradi ya kisayansi ikakubaliana juu ya miaka mitatu. Tazama dhuluma hii. Hakuna kusikilizwa, hakuna wazee wa baraza, hakuna anayeuliza huyu ana watumiaji wangapi. Tarehe ikifika, imefika. Mabishano yaliyochukua miezi sasa huchukua muda wa kusoma tarehe, na wale watu wawili watatu hulala saa nne.

Upo ushahidi mwingine dhidi ya mzee ambao mimi kama mtetezi wake nashindwa kuujibu. Alipoachwa hakunyang'anywa kitu. IPython walipoachana naye mwaka 2017 kwa toleo la 6.0, toleo la 5 lilibaki ghalani na likaendelea kutunzwa. Tangu Novemba 2016 pip, kisakinishi cha Python, imejua kusoma maandishi madogo yanayosema kifurushi kinataka toleo gani, na mzee akija dukani hupewa kifurushi cha mwisho kinachomfaa. Programu iliyofanya kazi jana inafanya kazi leo. Alichokosa ni vitu vipya tu, ambavyo, kwa maneno ya wateja wake wenyewe, hawakuvitaka kamwe: walitaka kitu kisichobadilika. Walikuwa nacho tayari. Walichokuwa wakiomba kumbe ni mtu wa kukaa nacho macho.

Hata hivyo nasaba yake haijakatika. Siku hizi Python mpya huja kila Oktoba na kutunzwa miaka mitano, kwa hiyo kila Oktoba mzee mwingine hutawazwa. Python 3.9 alipewa kiti mwaka 2025. Na tayari yupo mtu mwenye barua pepe ya kampuni, anayeandika kwa heshima zote kuomba 3.9 asiachwe mpaka wamalize robo ya pili ya mwaka wa fedha. Hakutaja mwaka upi.